Mayai ya Madoa na Maneno ya Rais Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa yenu imelala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyie wakubwa mlio nyuma kule, msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto tu. Hadithi hii ni yenu, tena yenu kuliko wao. Kabla sijaanza nawapa kazi. Humu ndani kuna ndege anayegonga gogo. Kila nikisema ko, ko, ko, nyinyi mtaitika: Tumesimama! Tujaribu. Ko! Ko! Ko!

Tumesimama!

Mmesema mmesimama na wote mmeketi. Waongo nyie! Basi endeleeni kuketi, mtajua baadaye kwa nini.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali yao na viapo vyao, palikuwa na nchi ya mbuga. Huku mbuga, kule mbuga, katikati mto. Ng'ambo ya mto waliishi Nyati. Kando ya mto palikuwa na udongo wa chumvi. Wanyama wa huku waliulamba asubuhi. Nyati wakavuka, wakaulamba jioni. Udongo haukuisha, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Nchi ya huku ilikuwa na desturi yake. Mkuu wa nchi akitaka kusema, alipanda juu ya kichuguu. Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama jembe, akagonga gogo. Ko! Ko! Ko!

Tumesimama!

Ndivyo hivyo. Kila mwenye miguu alisimama pale alipo. Aliyekula aliacha kula. Aliyelala aliamka. Aliyenyonyesha alimtoa mtoto kwenye ziwa. Neno la mkuu halikusikilizwa kwa kuketi. Asiyesimama aliitwa msaliti, na vyote vilivyomo nyumbani mwake vikawa mali ya askari. Askari walikuwa Mbweha. Na kama neno lenyewe ni vita, wote walikimbilia korongoni, kwenye lile bonde jembamba la mawe, wakajibanza huko mpaka mkuu aseme amani.

Msiicheke desturi hiyo. Haikuwa mbaya. Mkuu wa zamani alikuwa Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, na Pofu alikuwa mvivu wa maneno. Alisema mara mbili kwa mwaka. Mvua ikianza alisema, "Mvua imeanza." Mvua ikiisha alisema, "Mvua imeisha." Akashuka. Hakuwa malaika, majani ya wenzake aliyala, lakini miguu ya wanyama ilipumzika. Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siku za Pofu ilikuwa kweli.

Pofu akafa. Wanyama wakakutana kuchagua mkuu mpya. Akasimama Ngiri. Meno nje, mkia juu wima.

"Mmetawaliwa na bubu!" akasema. "Nyati wanalamba chumvi yenu, mkuu wenu anacheua tu! Wanawacheka huko! Nichagueni mimi niwe mdomo wenu!"

Wanyama wakalipuka kwa shangwe. Na aliyeshangilia kuliko wote alikuwa Kanga mmoja jike, jina lake Madoa. Alipiga mabawa, pu pu pu pu, mpaka manyoya yakadondoka. "Huyu ndiye! Huyu anasema!" Mlishike hilo. Yeye mwenyewe hakulisahau mpaka mwisho.

Ngiri ana tabia moja. Aliyechunga mbuzi mbugani ameiona. Ngiri hukimbia, vuu! Anakimbia kufa na kupona. Kisha ghafla anasimama. Amesahau alichokuwa akikikimbia. Anapiga magoti anakula majani, na simba yuko nyuma yake. Huyo ndiye waliyemfanya Rais.

Sasa tumtazame Madoa. Mwaka juzi mafuriko yalichukua mayai yake. Mwaka jana moto wa nyika ukayaunguza. Mwaka huu akataga kumi na mawili, na mwilini mwake akajua kwamba hayo ndiyo ya mwisho. Umri umekwenda. Akajenga kiota chini ya kichaka, hatua chache tu kutoka kwenye kichuguu cha Rais.

Mumewe, Baba Kanga, akauliza, "Mama, hapa si karibu mno na wakubwa?"

"Karibu na mkuu ndiko kwenye usalama, baba," akajibu Madoa. "Nani atathubutu kuja kuiba hapa?"

Akaketi. Akayafunika mayai yote kwa kifua na mabawa. Akaimba:

Tulieni wanangu, tulieni,
siku ishirini na nane si nyingi,
joto langu ndilo nyumba yenu,
tulieni wanangu, tulieni.

Kila siku iliyopita aliweka kijiwe kimoja kando ya kiota. Kijiwe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Cha tano. Mayai yana joto, mama ana raha.

Siku ya sita, asubuhi. Ko! Ko! Ko!

Tumesimama!

Na Madoa akasimama. Rais Ngiri yuko juu ya kichuguu, mkia umekakamaa. "Ndugu wananchi! Nimeona nyayo kwenye chumvi yetu. Nyayo za Nyati! Nasema leo, na dunia isikie: tutawapiga mpaka mto ugeuze njia! Vita!"

Puru puru puru! Mbuga nzima ikakimbilia korongoni. Madoa akavuta nyasi, akayafunika mayai harakaharaka. "Tulieni, nakuja," akayaambia. Akakimbia naye. Na Ngiri? Ngiri aliingia shimoni kwake kinyumenyume, matako mbele, meno nje. Wapambe wake wakaeleza, "Rais hakimbii. Rais anarudi nyuma huku akimtazama adui."

Wakangoja korongoni. Jua likapanda. Mchana njaa ikamtoa Ngiri shimoni. Akaona majani mabichi, akapiga magoti, maana Ngiri hali bila kupiga magoti. Akatafuna. Vita vikamtoka kichwani. Wapambe wakamwona, wakapaza sauti: "Rais amepiga magoti, anaomba amani!"

Ko! Ko! Ko!

Tumesimama!

"Ndugu wananchi! Nyati ni ndugu zetu wa damu. Nimezungumza nao kwa kirefu. Amani!"

Hakuzungumza na mtu. Lakini wanyama walishangilia, na Madoa alishangilia huku akikimbia. Akafika kiotani. Akagusa mayai kwa kifua. Yana uvuguvugu bado. Akamshukuru Mungu, akaketi.

Jioni ileile. Ko! Ko! Ko!

Tumesimama!

"Amani hailindwi kwa midomo mitupu! Madume yote yaende mtoni!"

Baba Kanga akaja kuaga. "Nitarudi kabla hawajaanguliwa, mama."

"Rudi uwaone wakiwa wadogo," akasema Madoa. "Wakikua, kuwatazama hakutakuwa na raha ileile."

Akaenda.

Basi tangu siku hiyo, enyi wenzangu, Ngiri hakunyamaza. Asubuhi, vita. Mchana, mazungumzo. Alasiri, Nyati ni wezi. Jioni, Nyati ni majirani wema, mkuu wao ananipenda sana. Siku ya nane, ko ko ko. Siku ya tisa, ko ko ko mara nne. Siku ya kumi, ko ko ko mara saba, na miongoni mwa hizo saba mbili zilikuwa za kusema kwamba hatasema tena. Madoa akiketi, anasimama. Akisimama, anakimbia. Akirudi, hajakunja hata miguu, ko ko ko.

Tumesimama!

Naam, mmesimama. Na mayai je? Mayai yanasimama?

Ng'ambo nako walikuwa wakisikia. Mkuu wa kule alikuwa Bi Nyati, mzito wa kusema na mzito wa kusahau. Akamtuma Yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea na Nyati. Yangeyange akaruka, akatua mbele ya Ngiri.

"Bibi anakusalimu, Mheshimiwa. Anauliza: tukujibu neno lipi, la asubuhi au la jioni?"

"Neno gani?" akauliza Ngiri.

Yangeyange akamtazama. Akarudi ng'ambo, akasema alivyosikia. Bi Nyati akacheua, akacheua, akasema, "Basi tutalijibu lile litakalolala na kuamka vilevile." Wakangoja. Hakuna neno hata moja lililolala likaamka. Kwa hiyo Nyati waliendelea kuvuka jioni kulamba chumvi, kama baba zao walivyofanya.

Siku ya kumi na tatu Madoa alimwita Hondohondo, ndege wa gogo, alipokuwa akipita.

"Kaka Hondohondo. Nakuuliza jambo, usinifiche. Mkeo naye anaatamia mwaka huu, sivyo?"

"Ndiyo, dada."

"Naye husimama ukigonga?"

Hondohondo akatazama chini. Mnajua Hondohondo wanavyoishi. Dume humziba jike ndani ya tundu la mti kwa udongo, akabakiza upenyo wa kupitishia chakula tu. "Mke wangu nimemziba," akasema. "Hasikii kitu."

"Ulimziba lini?"

"Siku ile Ngiri alipochaguliwa."

Madoa akayavuta mayai karibu na kifua. "Kwa hiyo ulijua. Na sisi hukutuambia."

"Mimi mpiga gogo tu, dada. Natumwa." Akaruka akaenda zake, na siku hiyo aligonga mara tano.

Madoa akafikiri: nikae nisisimame, itakuwaje? Lakini palikuwa na Sajini Mbweha. Sajini Mbweha alikuwa askari wa kichaka kile. Kila gogo likigongwa alipita nyatunyatu, akitazama nani ameketi. Na kila alipopita kwa Madoa aliyahesabu mayai kwa macho, moja hadi kumi na mawili, akalamba mdomo.

"Shikamoo, shangazi," anasema. Adabu anazo, Mbweha. "Umesimama vizuri. Lakini ukichoka ukaketi, mimi sina neno. Mimi nawapenda sana wanaoketi."

Mmeona mtego? Akiketi, mayai yanaliwa. Akisimama, mayai yanapoa. Madoa alichagua kusimama, maana lililopoa linaweza kupashwa, lakini lililoliwa limeliwa. Mama gani asingechagua hivyo?

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, wingu jeusi limetanda. Ko! Ko! Ko!

Tumesimama!

"Leo ndiyo leo!" akasema Ngiri. "Subira yetu imefika mwisho. Vita!"

Puru puru puru! Korongoni. Ngiri shimoni, kinyumenyume. Na shimoni kulikuwa na joto, na nje mvua ikaanza kunyesha, na Ngiri akapitiwa na usingizi.

Mvua ilinyesha asubuhi. Ikanyesha mchana. Madoa alikuwa korongoni anatetemeka, na si kwa baridi yake. Akapanda ukingoni.

"Sajini, niruhusu niende nikayafunike tu. Nitarudi."

"Amani haijatangazwa, shangazi."

"Lakini vita havipo! Tazama mwenyewe, mbuga ni tupu. Hakuna Nyati hata mmoja."

"Mimi sitazami, shangazi," akasema Sajini Mbweha. "Mimi nasikiliza."

Jua lilikaribia kuzama Ngiri alipoamka. Akapiga miayo, akatoka, akashangaa kuona mbuga haina mtu. "Wamekwenda wapi wote hawa?" Wapambe wakamkumbusha. Akasema aa, amani, amani, waambieni warudi.

Madoa alikuta kiota kimejaa maji. Mayai yamelala ndani yake kama mawe ya mtoni. Alikunywa yale maji pamoja na matope yake, akayanywa mpaka yakaisha. Akaketi. Akaimba wimbo wake, tulieni wanangu, tulieni, lakini sauti ilikuwa ikikatika.

Kijiwe cha ishirini. Kijiwe cha ishirini na moja. Gogo halikukoma, na miguu yake haikukoma. Kijiwe cha ishirini na sita, Madoa akainamisha kichwa, akasikiliza yai moja moja. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, la nne, la tano, kimya. Akasikiliza mpaka la kumi na moja. Kimya, kimya, kimya.

La kumi na mbili likasema: to.

Alidhani ni moyo wake mwenyewe. Akazuia pumzi. To. To.

Jamani! Madoa alilia kwa furaha. Alilisogeza yai lile katikati ya kifua. "Mmoja anatosha," akasema. "Mmoja ni watoto pia." Na kesho yake, siku ya ishirini na saba, ganda likatoboka. Tundu dogo, dogo kama jicho la sisimizi, na ndani ya tundu ncha ya mdomo inasukuma. To! To! To! Siku ile baba yake alikuwa angali mtoni.

Ko! Ko! Ko!

Tumesimama...

Mbona mmeitika kwa sauti ndogo? Mmeanza kuelewa.

Madoa hakusimama. Kwa mara ya kwanza hakusimama. Alijibana chini, akatanua mabawa. Sajini Mbweha akatokea, anatabasamu. "Shangazi, leo umechoka?"

"Niue kwanza," akasema Madoa. "Halafu ule."

Lakini kutoka juu ya kichuguu Ngiri alikuwa amemwona. Siku hiyo alikuwa anatangaza ushindi. Ushindi wa vita gani, sijui, muulizeni yeye. Akanyoosha meno kumwonyesha Madoa.

"Ndugu wananchi, mtazameni yule mama! Ameketi kwa raha zake juu ya yai lake! Nani ameleta raha hiyo? Hiyo ndiyo amani yangu! Mleteni hapa, yeye na yai, wananchi waione amani kwa macho yao!"

"Jamani niacheni!" akalia Madoa. "Linaanguliwa! Niacheni siku moja tu!"

Wapambe hawakusikia. Walimwinua. Wakalisukuma yai kwa pua, wakalipandisha, wakaliweka juu ya kichuguu kileleni, peupe, upepo unavuma vuu vuu. Wanyama wote wakashangilia amani. Na ndani ya yai: to, to.

Ngiri akasema. Akasema juu ya nguvu zake. Akasema juu ya wakuu wa nchi nyingine wanavyomwogopa.

"Mheshimiwa," akasema Madoa, "nipe nilifunike."

"Ngoja, mama. Namalizia."

Akasema juu ya Pofu, kwamba hakuwa na maneno. Akasema juu ya meno yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, nakuomba. Anapata baridi."

"Namalizia, mama."

To. Upepo. To.

"Mheshimiwa!"

"Namalizia!"

Jua likashuka. Ilikuwa saa ya Nyati kuja kwenye chumvi. Wakavuka mto taratibu, kama kila jioni. Ngiri akawaona. Akasahau ushindi. Akasahau amani. Akasahau mama na yai mbele yake. Mkia ukasimama wima.

"Nyati! Wanakuja! Vita!"

Puru puru puru puru! Mbuga nzima ikaanguka korongoni. Madoa alijitupa kulifuata yai, lakini Mbweha walimsukuma, na kundi likamzoa, na miguu yake haikugusa chini mpaka korongoni. Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume. Juu ya kichuguu likabaki yai peke yake. Nyati walilamba chumvi yao wakashiba. Wakarudi ng'ambo.

Amani ilitangazwa asubuhi yake. Madoa alipanda kichuguu. Kifaranga alikuwa ametoa mdomo wote, lakini kichwa hakikupita. Manyoya machache yaliyoonekana yalikuwa yamekauka vizuri, na yalikuwa na madoa.

Alilisukuma yai polepole mpaka chini. Akaliweka pamoja na wenzake kumi na moja. Akayafunika yote. Akaketi.

Siku hiyohiyo, ya ishirini na nane, Baba Kanga akarudi kutoka mtoni. Miguu imevimba.

"Sijapigana hata siku moja, mama," akasema. "Tunaambiwa nendeni, tunakwenda. Tunaambiwa rudini, hatujafika nusu njia tunaambiwa nendeni. Adui sikumwona. Nimewahi lakini, eti? Wako wapi?"

Madoa akainua bawa moja. Baba Kanga akatazama, akatazama. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nani amefanya hivi?"

"Hakuna aliyewagusa," akasema Madoa. "Ngiri alikuwa akisema tu. Na mimi nilimpigia mabawa, baba watoto. Nilimpigia mabawa kuliko wote."

Ko! Ko! Ko!

Ngiri kichuguuni. "Ndugu wananchi! Leo nina furaha kubwa. Vita vimekwisha. Na jambo ninalojivunia mbele ya dunia nzima ni hili: katika vita vyote hivi, hakuna hata mmoja aliyekufa!"

Wanyama wakasimama, wakashangilia. Baba Kanga naye alisimama. Hakutaka, jamani. Miguu yake ilisimama yenyewe, kwa mazoea, na aliposhtuka alikuwa tayari wima, anatazama kichuguu, machozi yanamtoka.

Madoa aliketi.

Sajini Mbweha akaja nyatunyatu. "Shangazi, umeketi."

"Nimeketi."

"Sheria unaijua. Mayai ni yangu."

"Chukua," akasema Madoa. Akajiinua kidogo, upande mmoja.

Mbweha akaingiza pua. Akanusa. Akarudi nyuma hatua tatu, masikio yamelala. "Viza," akasema. Yaani mayai yameharibika, na hata Mbweha hali yaliyoharibika. Akaenda zake, na siku hiyo hakulamba mdomo.

Rais Ngiri akatupa jicho pale chini. "Yule mama anayeketi ni nani?" akawauliza wapambe. Wakamjibu hawamjui.

Mnataka niwaambie kwamba wanyama wote walimwona Madoa wakaketi pamoja naye? Kwamba Ngiri aliaibika, akanyamaza? Ningependa. Ningependa sana. Lakini hakuna aliyeketi. Ngiri bado yuko kichuguuni, anamalizia. Hondohondo bado anagonga, na watoto wake wameshaota mabawa, wanene. Na Madoa bado ameketi juu ya mayai kumi na mawili ambayo hayatatoka, na Baba Kanga akipita humletea maji.

Fundisho lake ni hili, na nalisema wazi asije mtu akasema hakusikia. Mmefundishwa kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mimi nawaambia, tembo wasipopigana, wakitishana tu kwa mdomo kila kukicha, nyasi huumia vilevile, na hakuna anayezihesabu. Neno la mkubwa si pumzi. Yeye hulisahau kabla ya kulala, mdogo analibeba mpaka kaburini. Basi kabla hujampigia mabawa anayesema sana, muulize kwanza nani atakayekuwa akisimama.

Haya, mara ya mwisho. Ko! Ko! Ko!

...

Mbona mmenyamaza?

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya mayai baridi. Atakayesimama na asimame. Mimi nimeketi.